Sahihisha Sentensi, Usimvunje Mtoto

Mama mpendwa, mwanao akisema "Borrow me a pen," usimcheke. Sentensi hiyo si sahihi, lakini kosa limetokana na lugha yetu. Kwa Kiswahili twasema "niazime kalamu," na pia "nimeazima kalamu kwa jirani." Kitenzi ni kimoja kwa anayetoa na anayepokea.

Kiingereza hutenganisha: anayetoa hutumia "lend," anayepokea "borrow." Basi aseme, "Lend me a pen," au kwa adabu zaidi, "May I borrow a pen?"

Mkiwa na shaka, fungueni kamusi pamoja. Si aibu mama kujifunza. Mtoto anayechekwa nyumbani huogopa kunyoosha mkono darasani. Ulimi wa mama hujenga, tena hubomoa.