Ongezeko la Mshahara Likasi: Uliza Limewekwa Wapi

Sendika inapotoka kwenye mazungumzo na mwajiri mjini Likasi, habari hufika komini za Kikula, Panda na Shituru ikiwa imebaki namba moja tu: asilimia kumi, asilimia kumi na tano. Jioni hiyohiyo watu huanza kuigeuza namba kuwa unga wa bukari, makala ya kupikia na ada ya shule. Lakini asilimia peke yake haimwambii mfanyakazi kama amepata au ameachwa palepale. Kinachoamua ni mahali ongezeko lilipowekwa, yaani kwenye mshahara wa msingi au kwenye marupurupu. Sheria ya kazi ya Kongo haivihesabu viwili hivi sawasawa, na tofauti hiyo huonekana siku ya ugonjwa, siku ya kesi na siku ya kustaafu.

Sheria inaita nini mshahara?

Msingi wa yote ni Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kifungu chake cha 7 kinaeleza nini kinahesabiwa kuwa malipo ya kazi: mshahara wenyewe, kamisheni, bonasi, malipo ya saa za ziada na fedha ya kupanda kwa gharama za maisha. Kisha kifungu hicho kinataja vitu visivyohesabiwa: matibabu, nyumba au fedha ya nyumba, fedha ya watoto inayotakiwa na sheria, fedha ya usafiri, gharama za safari, na manufaa anayopewa mtu ili tu aweze kutimiza kazi yake.

Hii haina maana kwamba vitu hivyo ni zawadi. Mwajiri analazimika kumtibu mfanyakazi pamoja na familia yake, na analazimika kumpa nyumba au fedha ya nyumba. Ni haki kamili. Ila haki hizo zinasimama nje ya hesabu, na mahesabu mengi yanayokuja baadaye hufanywa juu ya kile kilichobaki ndani.

Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili, kila mmoja akipokea faranga 1,300,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa kwanza ana mshahara wa msingi wa 1,040,000 na marupurupu ya nyumba na usafiri ya 260,000. Wa pili ana msingi wa 650,000 na marupurupu ya aina hiyohiyo ya 650,000. Sokoni wananunua sawa. Sasa tuwafuate mbele kidogo.

Wakifanya saa za ziada, saa sita za kwanza kupita saa 45 za wiki huongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu asilimia 100. Kwa hizo sita za kwanza, saa moja ya wa kwanza ni karibu faranga 6,930, ya wa pili ni karibu 4,330. Wakiugua, mkataba unaposimama, sheria inampa mgonjwa theluthi mbili ya malipo yake ya fedha: wa kwanza karibu 693,000, wa pili karibu 433,000. Mama aliye katika likizo ya uzazi ya wiki 14 naye hulipwa theluthi mbili, kwa hesabu hiyohiyo. Wakifukuzwa bila sababu halali na mahakama ikawapa fidia, kikomo cha fidia hiyo ni miezi 36 ya malipo ya mwisho: faranga 37,440,000 kwa wa kwanza, 23,400,000 kwa wa pili.

Kuna jambo moja tu ambalo wa pili hapotezi. Mwajiri anapomwachisha mtu papo hapo bila kumpa muda wa taarifa, sheria inamtaka alipe malipo pamoja na manufaa ya kila aina ambayo mfanyakazi angeyapata katika muda huo. Kwa mfanyakazi wa ngazi ya chini, muda wenyewe ni siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hapo nyumba na usafiri vinarudi ndani ya hesabu. Delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi kazini, anayekijua kipengele hiki huokoa fedha nyingi za watu.

Pensheni nayo inafuata msingi. Katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, CNSS, mchango wa pensheni ni asilimia 10, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Mwajiri peke yake huongeza asilimia 6.5 kwa ajili ya fedha ya watoto na 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Kwa mfano wetu, akiba ya pensheni ya wa kwanza ni faranga 104,000 kila mwezi, ya wa pili 65,000. Ukitandaza pengo hilo kwenye miaka ishirini ya kazi, utaelewa kwa nini wazee wawili waliofanya kazi pamoja wanaweza kustaafu na pensheni zisizolingana.

Lazima tukiri upande wa pili. Marupurupu yana mvuto wake, hata kwa mfanyakazi. Fedha ya nyumba na ya usafiri, kwa masharti, haikatwi kodi ya mshahara, wala haikatwi asilimia 5 ya CNSS. Kwa hiyo asilimia kumi iliyowekwa kwenye usafiri huingia mfukoni nzima, na iliyowekwa kwenye msingi huingia ikiwa imepunguzwa. Mwajiri naye huokoa michango. Ndiyo maana pande zote mbili mezani hushawishika kuelekea huko. Sendika makini huligawanya ongezeko na kuwaeleza wanachama wake bayana kwa nini sehemu kubwa imekwenda kwenye msingi.

Mji uliolelewa na marupurupu

Likasi ina sababu yake ya kupenda marupurupu. Enzi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mji huu uliitwa Jadotville. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto. Iliwapa nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule, huku mshahara wa fedha ukibaki mdogo. Mfanyakazi alilishwa na kutibiwa, lakini bei zilipopanda hakuwa na cha kushikilia.

Bei zilipanda wakati wa vita. Wafanyakazi Wazungu walikwisha kuungana na kudai chao, lakini Waafrika hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma wakidai mshahara zaidi, na askari wakawafyatulia risasi. Tarehe 9 Desemba yakatokea mauaji makubwa zaidi uwanjani Lubumbashi, ambako Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, aliuawa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1946, serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kuwa na sendika, tena kwa masharti mengi.

Kampuni ilitaifishwa kufikia mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Mfumo wa kambi uliendelea: unga wa kila mwezi, hospitali, shule za watoto. Mwaka huohuo wa 1967 sendika zote zilikusanywa katika moja, iliyokuja kuitwa UNTZA, chini ya chama tawala, na hali hiyo ikadumu hadi mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1990. Leo UNTC iliyorithi UNTZA inashindana na CSC, CDT, TUMEC na nyinginezo kwenye uchaguzi wa madelege kazini.

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani elfu thelathini hivi. Mishahara ilisimama kwa miezi mingi. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi 10,655 wakaondoka. Wengi walilalamika kwamba kiasi walichopewa kilipangwa na mpango wenyewe bila kufuata hesabu ya sheria ya kazi na mkataba wa pamoja, na mwaka 2009 malalamiko yakafikishwa mbele ya Jopo la Ukaguzi la benki hiyo. Pamoja na kazi, familia nyingi zilipoteza hospitali na shule kwa mpigo mmoja. Mwanazuoni Benjamin Rubbers ameyachunguza maisha ya watu hawa kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2013.

Funzo la historia hiyo kwa mtu wa leo ni hili: nyumba, unga na hospitali vinadumu kadiri kampuni inavyodumu. Mshahara wa msingi ulioandikwa na kuchangiwa CNSS unaacha haki ambayo haifi pamoja na kampuni.

Faranga, dola na kima cha chini

Swali la pili kwa sendika linahusu sarafu. Sheria inataka mshahara utajwe kwa fedha halali ya Kongo, lakini katika migodi mahesabu mengi hufanywa kwa dola. Kima cha chini cha taifa kinatuonyesha hatari yake. Agizo la tarehe 22 Mei 2018 lilikiweka faranga 7,075 kwa siku, zaidi ya dola 4 wakati ule. Kiliachwa hapo miaka saba, na mwanzoni mwa 2025 faranga zilezile zilikuwa dola 2 na nusu hivi. Agizo la tarehe 30 Mei 2025 lilikipandisha hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni faranga 559,000 kwa mwezi.

Usidhani basi kwamba dola ndiyo kinga ya kila siku. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 faranga ilipata nguvu, na aliyelipwa kwa dola akajikuta anabadilisha kwa faranga chache kuliko zamani, huku bei sokoni zikikawia kushuka. Makubaliano mazuri hutaja kiwango cha kubadilishia, tarehe ya kiwango hicho, na lini mazungumzo yatafunguliwa tena kikiyumba. Bila maneno hayo, asilimia kumi za Januari zinaweza kuwa zimeliwa kabla ya Desemba.

Pia kila kima kipya kinapotoka, mwenye msingi mdogo huinuliwa na sheria. Fundi wa miaka kumi aliyekuwa juu yake kidogo huweza kujikuta sawa na kibarua aliyeingia jana, kama ngazi zote za mshahara hazikusogezwa pamoja. Kazi ya kuzisogeza ni ya sendika mezani.

Nani yumo, nani hayumo?

Swali la tatu linaumiza zaidi: makubaliano yanamhusu nani? Lori na viwanda vya shaba na kobalti vimejaza barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, lakini watu wengi wanaovaa kofia ya mgodi hawajaajiriwa na mgodi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na shirika la RAID la Uingereza pamoja na kituo cha CAJJ cha Kolwezi uliangalia migodi mitano mikubwa ya jimbo jirani la Lualaba. Ulikuta asilimia 57 ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kampuni za kati, zile watu wanaziita sous-traitance. Sendika ya mgodi inaweza kushinda vizuri, na jirani anayefanya kazi zamu moja na mwanachama wake asipate hata faranga.

Hapa sheria ina silaha isiyotumika vya kutosha. Kibarua wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Mkataba wa muda maalumu nao haupaswi kupita miaka miwili. Anayeandikwa kibarua mwaka baada ya mwaka aanze kutunza kumbukumbu ya tarehe zake za kazi, na azipeleke kwa delege au kwa mkaguzi wa kazi.

Kwa mwanachama anayesubiri tangazo lijalo, mwombe delege wako nakala ya PV, yaani maandishi ya makubaliano, iliyosainiwa, usiridhike na maneno ya getini. Soma ongezeko limewekwa kwenye mstari gani, kwa sarafu gani, kuanzia tarehe gani, na kwa wafanyakazi wa kampuni zipi. Mwezi unaofuata ulinganishe na karatasi yako ya mshahara, kisha uende CNSS kuhakikisha michango imefika kwa jina lako. Delege analindwa na sheria, hafukuzwi kazi bila mkaguzi wa kazi kuhusishwa, kwa hiyo ana nafasi ya kuuliza maswali ambayo wewe unaogopa kuyauliza. Mpe maswali hayo kabla hajaingia mezani, maana akishasaini kilichobaki ni kutekeleza.