Simu Inayokutazama Ukimeza Dawa

Fikiria kijana aliyepanga chumba Bwaise, bondeni kaskazini mwa Kampala. Asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kazini, anaegemeza simu kwenye chupa ya chai, anasogea hadi uso na shingo vienee kwenye kioo, kisha anabonyeza kitufe. Anaonyesha vidonge vilivyo kiganjani. Anavitia kinywani kimoja baada ya kingine, anashushia maji, halafu anaachama na kuinua ulimi ili ionekane kwamba hakuna kilichofichwa chini yake. Anazima. Video hiyo hawezi kuikatakata wala kuichezea. Programu imeigonga muhuri wa saa na tarehe, imeifunga kwa msimbo wa siri, na inaipeleka kwa musawo, kama Waganda wanavyomwita mhudumu wa afya.

Huyo ni mgonjwa wa kifua kikuu. Waganda huuita ugonjwa huu akafuba. Kifua ni kilekile, ila sisi tumekipa ukuu na wao wamekipa kiambishi cha udogo. Programu ya aina hii imefanyiwa utafiti Kampala na Dkt. Juliet Sekandi, Mganda anayefundisha Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, pamoja na wenzake wa Makerere. Utafiti wao waliuita DOT Selfie.

Kwa nini mtu mzima achungwe namna hiyo kwa vidonge alivyoandikiwa yeye mwenyewe? Jibu limo katika tabia ya kijidudu chenyewe. Bakteria wa kawaida wa tumboni hujigawa kuwa wawili kwa dakika 20 hivi wakipata chakula na joto. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huchukua karibu saa 20. Amejivika ukuta mnene wenye nta, na anaweza kuishi ndani ya zilezile seli za kinga zilizotumwa kummeza. Tena wako wanaolala kabisa. Dawa nyingi humpata adui anapokula na kuzaana. Aliyelala hupita salama, naye ndiye huamka baadaye.

Hapo ndipo mgonjwa hudanganyika. Baada ya wiki chache homa inakatika, jasho la usiku linakauka, uzito unarudi, na majirani wanaanza kumsifia. Kwa hisia zake amepona, ilhali hajafika hata nusu ya safari. Akiacha hapo, au akimeza leo na kuruka kesho, wanaobaki ni wale wagumu zaidi, na katika hao hutoka kifua kikuu sugu, ambacho dawa zake ni kali zaidi na ghali zaidi. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne kwa pamoja, nazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata ni mbili, rifampisini na isoniazidi. Jumla ni dozi 168, na nyingi kati yake zinamezwa na mtu anayejiona mzima.

Je, wajua kwamba hiyo miezi sita yenyewe ilithibitishwa huku kwetu? Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mnamo 1970 ulianza utafiti mkubwa wa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, uliowahusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, nayo yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dawa za zamani, miezi sita inatosha. Kila mgonjwa duniani anayemaliza dawa kwa nusu mwaka ana deni kwa wagonjwa hao wasiojulikana majina. Nasikitika kwamba hatulifundishi jambo hili shuleni.

Kumchunga mgonjwa akimeza nako kuna historia kwetu. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alishirikiana na serikali ya Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu. Dawa zilitolewa chini ya usimamizi, rejista ikaandikwa kwa uaminifu, na kila mgonjwa akafuatwa hadi mwisho wake ukajulikana. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo uliofanana na huo na kuueneza ulimwenguni kwa jina la DOTS. Kiini chake ni kumeza dawa mbele ya macho ya mwingine. Aliyemeza rifampisini hujulikana pia kwa mkojo wake, maana hugeuka rangi ya chungwa, na wauguzi wengi wameutumia ushahidi huo pale walipotilia shaka.

Lakini macho ya mtu mwingine yana gharama. Muuza nguo wa soko la Owino, Kampala, anayetakiwa kufika kliniki kila asubuhi anapoteza wateja wa mapema na nauli ya bodaboda juu yake. Musawo akimfuata nyumbani, jirani wataanza kuulizana. Nchini Uganda sehemu kubwa ya wagonjwa wa kifua kikuu wanaishi pia na virusi vya UKIMWI, kwa hiyo jirani wanaoulizana huwa na majibu yao tayari. Halafu ukaja Machi 2020. Serikali ilisimamisha usafiri wa umma kwa sababu ya korona, na bodaboda hazikuruhusiwa tena kubeba abiria hadi Julai. Mgonjwa alitakiwa kuonana na mhudumu, na njia ilikuwa imefungwa.

Simu inayorekodi ilikuwa imeshabuniwa kabla ya hapo. Ilijaribiwa mapema San Diego, Marekani, na ng'ambo ya mpaka Tijuana, Meksiko, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba video inaweza kushika nafasi ya macho ya ana kwa ana. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa huchagua saa yake. Dereva anayelala mchana anarekodi jioni. Mtandao ukikosekana, video husubiri ndani ya simu hadi upatikane. Sifa hiyo ya kungoja ilikuwa na maana kubwa Uganda mwezi Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kama tano wakati wa uchaguzi. Tangu Julai mwaka huohuo data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, na video ya dawa hutumwa kwa data.

Katika jaribio la kwanza la Kampala, lenye wagonjwa 50, simu zilitolewa na watafiti. Nililitafakari sana jambo hilo. Video zilipokosekana, sababu mara nyingi ilikuwa betri iliyokufa, simu iliyoharibika, au programu iliyogoma. Anayeishi kwenye chumba ambacho umeme hukatika, au anayelipia kuchaji dukani, anaweza kumeza dawa yake kwa uaminifu kamili na bado akaonekana mtoro. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari kubwa ya chombo hiki: kumhukumu mgonjwa kwa kosa la waya.

Na wasio na simu ya kioo je? Kampala, simu ndogo yenye kurunzi huitwa katochi, na Mtanzania ataitambua papo hapo kwa jina la kitochi. Kwa ajili ya simu hiyo uko ubunifu mwingine, 99DOTS, uliozaliwa India. Pakiti ya vidonge huvalishwa bahasha ya karatasi ngumu. Mgonjwa anaposukuma kidonge, karatasi inatoboka na namba ya simu iliyofichwa nyuma yake inajitokeza. Anaipiga bure. Hakuna awezaye kubashiri namba itakayotokea kesho, kwa hiyo simu ikiingia kwenye namba ya leo, mfumo unajua kwamba kidonge cha leo kimetolewa. Nchini Uganda wagonjwa na wahudumu waliulizwa maoni, bahasha ikachorwa upya, na upande wa pili wa simu ukawekwa ujumbe wa kutia moyo uliorekodiwa na wahudumu wa afya. Nimelipenda wazo hilo kuliko mengine yote. Mtu anamaliza kumeza vidonge vinavyomchafua tumbo, anapiga namba, na anasikia sauti ya binadamu ikimwambia endelea.

Je, imesaidia? Dkt. Achilles Katamba wa Makerere na wenzake waliipima katika vituo 18 vya afya vya Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Katika wagonjwa 891 waliotibiwa baada ya mfumo kuingia kituoni, walioanzishiwa kweli 99DOTS walikuwa 463, zaidi ya nusu kidogo. Wagonjwa wote walipohesabiwa pamoja, kiwango cha kumaliza matibabu hakikutofautiana na cha awali. Walioutumia mfumo walifanya vizuri zaidi, tena kwa tofauti kubwa, ila tusikimbilie kushangilia. Mwenye simu, chaji na nafasi ya kupiga kila siku huenda angemaliza dawa hata bila bahasha. Mzigo umebaki kwa ile karibu nusu nyingine ambayo haikuingizwa kabisa.

Asubuhi musawo hufungua orodha yake. Siku zilizoripotiwa zina rangi ya kijani, zilizorukwa zina nyekundu. Wenye kijani anaweza kuwaacha waendelee na kazi zao, jambo ambalo rejista ya karatasi haikumwezesha kulifanya kwa haraka. Muda uliookolewa ni wa wale wawili watatu wenye nyekundu mfululizo. Anapiga: "Ssebo (bwana), jana na juzi sikukuona. Kuna nini?" Labda ni betri. Labda ni kichefuchefu, au macho yaliyoanza kugeuka manjano kwa sababu ini limelemewa na dawa, na hilo ni la kumwita kliniki leo leo. Mfumo ulichoona ni kwamba video au simu haikufika. Kujua kilichompata mtu kunahitaji swali, na mwenye kuuliza.

Tena kamera inaona kinywa tu. Mapafu haiyaoni. Mwezi wa pili, wa tano na mwishoni mwa matibabu, makohozi lazima yapimwe maabara, na hakuna namna ya kuyatuma kwa simu. Siku hiyo kijana wa Bwaise hupanda bodaboda mwenyewe, na kikopo chake chenye kifuniko amekishika vizuri mkononi.