Mayai ya Mjusi Chui na Joto Linaloamua Jinsia

Mjusi chui, kitaalamu Eublepharis macularius, asili yake ni nchi kavu na za mawemawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Leo ni miongoni mwa mijusi wanaofugwa sana majumbani Ulaya na Marekani. Hafanani na mjusi kafiri wa ukutani: ana kope za kufumba macho, na vidole vyake havinati ukutani. Ndugu yake aliye karibu nasi ni Holodactylus africanus, wa maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mjusi kafiri hutaga mayai ya ganda gumu. La mjusi chui ni laini kama ngozi, hunyonya maji na kuyapoteza upesi, na hapo ndipo kazi ya mfugaji inapoanzia.

Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, kisha hurudia mara kadhaa katika msimu, hata akiwa amepandwa mara moja tu, kwa kuwa huhifadhi mbegu za dume mwilini. Kila yai humnyang'anya kalsiamu. Ni haki yake basi apewe kalsiamu na vitamini D3 kwa wingi wa kutosha, na asipandishwe kabla hajatimiza mwaka na kufikia gramu 45 hivi. Mayai yakikomaa huonekana yameng'aa chini ya ngozi ya tumbo. Wakati huo awe tayari na kisanduku chenye kifuniko na tundu la kuingilia, kilichojazwa unga wa makumbi ya nazi uliolowa. Akikikosa atataga pakavu, na yai litasinyaa kabla halijagunduliwa.

Aliyezoea mashine ya kutotolea vifaranga lazima aweke kando mazoea yake hapa. Yai la kuku hugeuzwa kila siku na huhitaji joto la nyuzi 37.5, hilo joto huliua yai la mjusi chui. Nalo halipaswi kugeuzwa kabisa. Baada ya siku moja hivi kiinitete huwa kimejishika kwenye ukuta wa ndani ya ganda, na kikipinduliwa kinaweza kufa. Kwa hiyo, kabla ya kuliokota, yai huwekwa alama ya penseli juu, na alama hiyo hubaki juu mpaka mwisho.

Mayai hufukiwa nusu katika kopo la plastiki lenye vemikulaiti au pelaiti (chembe za madini zinazoshika unyevu) iliyochanganywa na maji ya uzito uo huo. Mchanganyiko unapofinyangwa mkononi ushikane bila kuchuruzika. Kifuniko hufunguliwa kidogo kila wiki ili hewa ibadilike. Baada ya wiki moja au mbili, yai likimulikwa kwa tochi ndogo gizani, lenye uhai huonyesha wekundu hafifu na vimishipa vya damu. Lisilo na mbegu hubaki manjano. Lenye mashaka lisitupwe haraka: liachwe mpaka lioze lenyewe.

Joto ndilo linaloamua jinsia. Katika nyuzi 26 za Selsiasi karibu wote huwa majike, nyuzi 30 huleta mchanganyiko wenye majike zaidi, 32.5 huleta madume wengi. Na karibu na 34 majike hurudi tena. Uamuzi hufanyika mapema, katika wiki za mwanzo. Utafiti wa David Crews na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ulionyesha pia kwamba joto hilo hugusa hata tabia: majike waliotoka kwenye joto kubwa huwa wakali zaidi. Kwa sababu hiyo kukimbilia nyuzi 34 ili kupata majike upesi ni tamaa isiyofaa. Nyuzi 26 hadi 28 huwaleta kwa usalama, ila kwa subira. Mayai ya baridi huchukua miezi miwili au zaidi kidogo, ya joto mwezi mmoja na nusu hivi. Kipimajoto kiwe ndani ya kopo, kando ya mayai, wala si kwenye mlango wa mashine ya kutotolea ambamo kopo limewekwa.

Siku ya kuanguliwa ikikaribia, yai hutoa matone ya jasho na kubonyea. Mtoto hulipasua ganda kwa meno madogo ya mbele ya taya la juu, na anaweza kukaa ametoa kichwa tu kwa saa nyingi. Asivutwe, maana bado anamalizia kufyonza kiini. Hutoka na urefu wa sentimeta 8 hivi, akiwa na mistari myeusi na ya manjano. Madoa huja baadaye. Siku chache za kwanza hali. Hujivua ngozi kwanza na kuila, ndipo hupewa nyenje wadogo walionyunyiziwa kalsiamu. Sakafu yake iwe karatasi yenye unyevu kidogo, wala si mchanga, ambao anaweza kuumeza. Watoto hulelewa mmojammoja, kwani hung'atana mikia. Na madume, wakishatambulika kwa vitundu vilivyojipanga mbele ya tundu la haja, hawawekwi pamoja tena.