Mgonjwa wa figo anywe nini kwenye sherehe?

Sudi na pwani yote ya Lindi, sherehe haikosi vinywaji: madafu, juisi ya ukwaju au ubuyu, soda, na kwa wanaokunywa pombe, tembo la mnazi au uraka wa mabibo msimu wa korosho. Wagonjwa wengi wa figo huogopa pombe peke yake. Lakini kinywaji kisicho na kilevi nacho kinaweza kuwa hatari.

Tatizo ni potasiamu
Figo zenye afya hutoa potasiamu iliyozidi kupitia mkojo. Zikidhoofika, madini haya hubaki kwenye damu na yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha, mara nyingine bila dalili za mapema.

Kikombe cha maji ya dafu cha mililita 240 kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Mgonjwa aliyeambiwa aipunguze mara nyingi huwekewa kikomo cha miligramu 2,000 hivi kwa siku, chakula kikiwemo. Ubuyu, ukwaju, machungwa na pasheni navyo vina potasiamu nyingi. Kuchanganya pombe na madafu au juisi hizo ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Juisi ya birimbi usiinywe kabisa. Ina oksaleti nyingi, na huko Kerala, India, watu walioinywa kwa wingi waliharibika figo ghafla.

Kuhusu pombe
Muulize kwanza daktari anayekutibu. Pombe inaweza kupandisha shinikizo la damu, na kwa anayetumia dawa za kisukari inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Akikuruhusu, iwe kidogo, usinywe ukiwa na njaa, wala usiache dawa ili unywe. Gongo iache kabisa: hakuna anayejua kilichomo, na inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Unachoweza kunywa
• Maji yenye matone ya ndimu au kipande cha tangawizi.
• Juisi kidogo ya nanasi iliyoongezwa maji. Nanasi lina potasiamu kidogo kuliko chungwa.
• Soda nyeupe, kama huna kisukari. Epuka kola, kwa kuwa huongezwa fosfeti.

Kama umewekewa kiwango cha maji kwa siku, hasa ukiwa unasafishwa damu, hesabu kila glasi, pamoja na barafu. Tumia glasi ndogo, unywe polepole.

Usisubiri asubuhi
Misuli ikilegea ghafla, moyo ukienda mbio au kurukaruka, au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Waambie una ugonjwa wa figo, na utaje ulichokunywa.

Mwenyeji akikukaribisha dafu, mwambie tu: "Ahsante, daktari amenikataza." Atakuelewa.