Kisamvu: kutwanga ni nusu ya kazi

WAITALIANO wa Genova hutwanga majani ya mrihani wa bustanini pamoja na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Kitoweo hicho, pesto, huliwa bila kupikwa. Katika Bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba kando ya reli ya TAZARA, kinachotwangwa kinuni ni majani ya mhogo, na hayo kamwe hayaliwi mabichi.

Majani ya mhogo yana kemikali iitwayo linamarini. Yanapopondwa, kemikali hiyo huvunjika na kutoa sumu ya sianidi. Kinu huifungua sumu, moto huifukuza.

Chuma majani machanga, yaoshe, uyatwange hadi yalainike kabisa. Yachemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Baada ya dakika 15 hivi mwaga maji hayo, tia mengine, upike hadi kisamvu kiive. Ndipo uongeze kitunguu, karanga zilizosagwa na tui la nazi.

Anayenunua sokoni kisamvu kilichokwisha kutwangwa asidhani kimekuwa salama. Kazi iliyobaki ni ya jikoni kwake.