Je, Thamani Yako Ni Mzigo Unaoubeba?

Leo tuzungumzie jambo lisiloonekani kwenye eksirei: mtu kujiona ana thamani pale tu anapowabeba wengine.

Sisi Waswahili wa Oman tunalijua. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zilianza maisha upya hapa Maskati. Aliyetangulia kupata kazi alimpokea mdogo wake, huku akiwakumbuka waliobaki Unguja, Pemba na Mombasa. Leo wapo pia dada zetu kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi za ndani, na mshahara unakwenda kwao kulipia ada na kuezeka nyumba.

Kusaidia ni sifa njema. Lakini jiulize: mdogo wako akisema, "Dada, mwezi huu dawa za mama nitanunua mimi," unashusha pumzi au unajiona umepokonywa cheo? Ukijiona umepokonywa, angalia. Siku watoto watakapokua, au mgonjwa atakapofariki, utabaki hujijui wewe ni nani.

Katika kazi yangu ya uuguzi, nyumbani na ugenini, nimewaona wengi wanaojua saa ya kila kidonge cha mama, na vyao wenyewe vimekwisha tangu mwezi uliopita. Presha mara nyingi haina dalili. Ikipimwa siku mbili tofauti na kufika 140/90 au zaidi, ni presha ya juu. Ukiipuuza, huleta kiharusi na kuharibu moyo na figo.

Jaribu haya:

1. Gaweni kazi kwa majina: nani anampeleka mzee hospitali, nani anatoa fedha, nani analala naye. Mwenzako akifanya tofauti na wewe, muache afanye.

2. Ukiombwa pesa kwa simu, usijibu papo hapo. Sema, "Nitaangalia, nitakujibu kesho."

3. Andika tarehe yako ya kliniki pamoja na ya mama, na usiiahirishe.

4. Kila wiki fanya jambo moja lisilomsaidia mtu mwingine, kama kutembea ufukweni Qurum jua likipungua.

5. Ukiwa na huzuni au hufurahii chochote kwa wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya. Ukifikiria kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Na sisi tunaobebwa tuna wajibu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusimsifu dada kwa kuwa hachoki. Tumuulize jana alilala saa ngapi.

Nawe dada, kumbuka: mama yako alikupenda kabla hujaweza kubeba hata kikombe. Thamani hiyo hukuifanyia kazi, wala haiondoki ukipumzika.