Protini Zinazofichua Mwendo wa Saratani ya Kinywa
Doa jeupe kinywani lisilofutika si lazima liwe saratani, na kwa macho pekee huwezi kujua lipi litageuka. Ndiyo maana kinyama kinachokatwa hapo kwa uchunguzi kina thamani kubwa. Ndani yake hupimwa protini za seli. Protini ya Ki-67, iliyoelezwa na watafiti wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, huonekana kwenye seli zinazogawanyika tu. Kinywa kikiwa na afya, hubaki kwenye tabaka za chini; ikizagaa hadi juu, ukuaji umevurugika. Protini nyingine, E-kadherini, hushikamanisha seli. Ikififia, seli huachana na kupenya ndani.

Wapo wanaosema vipimo hivi ni ghali na havina uhakika. Ni kweli, hakuna protini moja inayotosha kutoa hukumu. Lakini zikisomwa pamoja na umbo la seli, humsaidia daktari kupima hatari. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe hospitali, hasa kwa mtafuna tumbaku au popoo.